Mzigo Unavuka, Mtu Havuki

Daftari la kikoba chetu lina ukurasa mmoja ambao pembe yake nimeikunja. Juu pameandikwa "Aprili 2020, mzigo wa Kalemie". Chini kuna mistari saba ya wanawake saba, na mbele ya kila mstari 150,000. Mwandiko ni wangu, mimi ndiye katibu. Wanakikundi wapya wakifungua daftari huuliza pale pana nini, nami kwa muda mrefu nilikuwa nageuza ukurasa na kuendelea na marejesho.

Mwaka 2024, homa ya nyani ilipoanza kusikika Congo na Burundi, mama mmoja alikuja mbio kibandani kwangu pale Mwanga, hapa Kigoma mjini: "Katibu, nasikia mpaka unafungwa Ijumaa, tuwahi?" Nikamuuliza kasikia kwa nani. Akanionyesha simu. Siku hiyo niliona nimenyamaza vya kutosha kuhusu ukurasa ule na habari tulizozibeba wakati wa korona.

Biashara yangu ni ndogo. Nachukua chumvi ya Uvinza na sabuni za miche, napakia boti la mbao ufukweni Kibirizi, napeleka Kalemie, upande wa Congo, narudi na vitenge. Meli haikuwepo, Liemba ilikuwa imesimama tangu 2018, kwa hiyo maboti ndiyo yalikuwa baba na mama. Unapanda jioni, unaliona Ziwa Tanganyika likiwa jeusi usiku kucha, unateremka ng'ambo umelowa mpaka soksi. Mteja anakuona uso kwa uso, mnapigana bei, unahesabu hela yako mwenyewe. Hilo la kuonana uso kwa uso lishikeni, kulikosa ndiko kulikoniponza baadaye.

Jumatatu ya tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Arusha. Kesho yake Waziri Mkuu, Kassim Majaliwa, akafunga shule kwa siku 30 na kuzuia mikusanyiko. Tangazo lile lilieleweka. Aliyekosea ni mimi. Wanangu wawili walikuwa bweni Kasulu. Nikapiga hesabu: siku 30, ni likizo fupi tu. Nikawafuata, tukarudi na vibegi vya nguo, matranka na madaftari tukaacha shuleni tusilipie mzigo kwenye basi. Siku 30 zikaongezwa. Kidato cha sita wakarudi tarehe 1 Juni, wengine wote tarehe 29 Juni. Miezi mitatu na nusu wanangu walikaa nyumbani bila daftari hata moja, nami nikanunua mengine. Tangu hapo nikisikia "kwa siku kadhaa" nasoma "mpaka tutakapowaambia". Mtoto akirudishwa ghafla, arudi na kila kitu chake.

Sasa, ambaye hajaishi Kigoma hawezi kuelewa masikio yetu yalivyokuwa. Sisi huku tunasikiliza serikali zaidi ya moja. Ndugu wako Burundi, wateja wako Congo, watoto wako Dar. Mwisho wa Machi, Rwanda watu walikuwa wamefungiwa ndani. Congo rais wao alitangaza hali ya dharura tarehe 24 Machi na kufunga mipaka, isipokuwa kwa mizigo. Burundi walikuwa wanajiandaa kwa uchaguzi wa tarehe 20 Mei, mwezi wa tano mikutano ya kampeni ikajaa watu. Kwetu shule zilifungwa, mipira na sherehe zikazuiwa, lakini masoko, misikiti na makanisa viliendelea. Ukinunua nyanya kwa Mrundi aliyevuka Manyovu, ukaongea kwa simu na Mkongo, jioni ukasikiliza taarifa ya habari, unalala na majibu matatu kichwani.

Hata jibu la kwetu peke yake lilikuwa na pande mbili. Lilikuwepo gari la matangazo linalopita Mwanga kwenda Ujiji, spika mbili zimefungwa juu kwa kamba ya manila. Asubuhi linapita: epukeni misongamano, kaeni nyumbani kama huna shughuli ya lazima, naweni kwa maji tiririka. Jioni gari lile lile, sauti ile ile, limekodiwa na muuza mitumba: njooni wote, njooni na jirani, bei ya kutupa. Watu tulicheka, lakini mambo mengine hayakuwa tofauti sana na gari lile. Unaambiwa jikinge, unaambiwa chapa kazi, hofu ni mbaya kuliko ugonjwa. Yote mawili yana ukweli. Ila mwenye kibanda anataka kujua: kesho nifungue au nisifungue?

Kwenye daladala ilikuwa levo siti, hakuna kusimama. Konda anapakia waliosimama, akiona trafiki mbele anasema "chuchumaeni jamani", mnachuchumaa watu wazima na heshima zenu, pua kwenye mgongo wa mwenzako. Ndiyo ikawa kinga yetu.

Turudi Kibirizi. Wiki ya mwisho ya Machi niliteremka ufukweni na magunia yangu, nahodha akaniambia maneno ambayo mpaka leo tunayatumia kama utani: "Mama, mzigo unavuka, mtu havuki." Nikamuuliza mzigo utavukaje bila mtu? Akasema mabaharia wanavuka, mwenye mali anabaki. Mdogo wangu wa kiume alikuwa Kalemie tangu mwanzoni mwa mwezi akikusanya madeni. Nikamwambia kwa simu asirudi kwanza, tutazame. Nikarudisha magunia Mwanga. Hapo nilifanya vizuri, na ningeishia hapo leo nisingekuwa na cha kusimulia.

Mwezi wa nne ukaingia na masika. Mvua ilinyesha mwaka ule kama imetumwa, ziwa likapanda mpaka likameza sehemu tulizozoea kuanikia dagaa. Chumvi ikikaa kwenye unyevu inalia. Magunia yalianza kutoa maji, kila asubuhi nilikuta dimbwi chini ya kibanda, na kila dimbwi ni hela. Mwenye mali inayoyeyuka hasubiri habari ya kweli, anaitafuta ile anayoitaka. Nimelifikiria hili usiku mwingi, sijidanganyi.

Ndipo ukaja ujumbe wa sauti kwenye grupu. Mwanaume, sauti nzito, anaongea taratibu kama mtu wa ofisini: "Mipaka yetu iko wazi, wafanyabiashara endeleeni na shughuli zenu." Hakutaja jina, hakutaja tarehe. Lakini nilikuwa nimeshasikia taarifa ya habari ikisema hivyo hivyo, kwamba Tanzania haifungi mipaka yake, ina majirani wanane na wengine wanaitegemea bandari yetu. Nikaenda bandarini kuuliza. Kijana mmoja akaniambia, "Nimesikia kuanzia Jumatatu mambo yanafunguka." Nimesikia! Nami nikalibeba lile "nimesikia" nikalipeleka kwenye kikao cha kikoba Jumamosi likiwa limeshageuka njiani na kuwa "Jumatatu mpaka unafunguliwa".

Wale wanawake hawakumwamini yule mwanaume wa kwenye simu, wala redio. Waliniamini mimi. Sita wakasema tuchange, mimi wa saba, kila mtu 150,000, jumla 1,050,000. Mmoja wao, muuza sabuni za miche pale sokoni, aliuliza swali moja tu: "Katibu, una uhakika?" Nikamjibu, "Wameshatangaza, mama." Nikashangaa mwenyewe nilivyolitamka, kama vile nilikuwepo.

Kosa ni hili. Mpaka wetu ulikuwa wazi kweli, hakuna aliyedanganya. Lakini mpaka ni mlango wenye komeo mbili, na la pili lilikuwa kwa Wakongo, nao walikuwa wamelifunga kwa tangazo lao, kwa lugha yao, na hatukwenda kuliuliza. Ningeweza kumpigia simu mteja wangu wa Kalemie kwa shilingi elfu mbili za vocha. Sikumpigia kwa sababu, nikisema ukweli, niliogopa atasema nini.

Jumatatu ilifika, mtu hakuvuka. Mali ilikuwa imeshanunuliwa, tukaipakia iende peke yake. Nauli ya mzigo ilikuwa imepanda maradufu maana maboti yanayokwenda yalikuwa machache. Huko Kalemie, kwa maelezo ya nahodha, boti lilizuiwa mbali na gati kwa siku nne, wakapuliza dawa, wakapima watu joto, mvua juu yake. Mnunuzi alipokuja hakumkuta mwenye mali, alimkuta nahodha mwenye haraka na magunia yanayotiririka. Mzigo usio na mwenyewe hauna bei. Sisi saba tulirudishiwa 430,000, kwenye mfuko wa plastiki, bila karatasi yoyote ya kuonyesha nini kiliuzwa bei gani. Sikumwandikisha nahodha kabla hajaondoka. Miaka yote tulifanya kazi kwa kuaminiana, naona haya kumwandikisha mtu mzima. Hata leo simwiti mwizi, lakini siwezi pia kusema siyo, na hilo la kutojua linakula uhusiano kuliko hasara yenyewe. Ukituma mali na mtu: idadi ya magunia, bei ya chini usiyotaka ishuke, jina la mpokeaji, saini mbili, shahidi mmoja. Piga picha karatasi hiyo kwa simu, na mpokeaji atumiwe kabla boti halijang'oa nanga.

Boti hilo hilo lilimrudisha mdogo wangu, Jumamosi tarehe 25 Aprili, akiwa ameandikwa miongoni mwa wafanyakazi wa boti. Nilifurahi kumwona kwa dakika kumi hivi.

Mwezi uliopita serikali ilikuwa imetangaza kwamba wanaoingia kutoka nchi zenye maambukizi wakae karantini siku 14 kwa gharama zao. Tangazo hilo tulilijua. Tusilolijua ni linamhusu nani. Pale ufukweni afisa wa kwanza alimwelekezea kile kibunduki cha kupima joto, akasema yuko sawa, aende nyumbani, akae chumba chake, anawe mikono. Tukaondoka. Nyumbani nikampa chumba cha uani, sahani yake, kikombe chake, ndoo yake. Siku ya pili majirani wakaanza kuzungukia njia nyingine. Wanangu wakaitwa "korona" kisimani. Kibandani sikuuza hata mche mmoja wa sabuni, mwaka ambao kila mtu alikuwa ananawa!

Jumanne ofisi ya mtaa ikaniita. Afisa huyu wa pili akasema nani kawaruhusu kukaa nyumbani, lazima aende gesti siku 14, tulipe wenyewe. Nikamweleza alivyosema wa kwanza. Akauliza, "Amekupa karatasi?" Sina. Tukiwa njiani kwenda gesti tukakutana na wa tatu, amevaa sare, akashangaa: agizo lile ni la wanaokuja kwa ndege, mabaharia hawahusiki, lakini kwa kuwa jina limeshaandikwa hawezi kulifuta yeye. Watu watatu wa serikali moja ndani ya siku nne, kila mmoja kwa nia njema, na kila mmoja akionekana ana uhakika kuliko mwenzake.

Gesti ilikuwa 15,000 kwa usiku. Tukaomba hesabu ianze tarehe 25 aliyoteremka, wakasema inaanza tarehe 28 aliyoandikishwa. Zile siku tatu za chumba cha uani hazikuhesabiwa, shilingi 45,000 zikaenda hivi hivi. Usiku 14 ni 210,000, chakula nikawa napeleka mwenyewe na kuacha mlangoni, 70,000 nyingine. Mgebuka, ugali, chai. Alikuwa anakaa dirishani, ananitania eti anaishi kama mheshimiwa. Siku ya tisa aliacha kutania.

Jumapili ya tarehe 3 Mei nilimkuta mwenye gesti mapokezi anatazama televisheni. Rais Magufuli alikuwa anazungumza kutoka Chato, anaeleza kwamba sampuli za papai na mbuzi zilipelekwa maabara zikapewa majina ya watu, na majibu yakarudi yana korona. Siku chache nyuma, tarehe 29 Aprili, ndiyo takwimu za mwisho za taifa zilikuwa zimetolewa: wagonjwa 480, waliofariki 16. Baada ya hapo hesabu ya taifa ikasimama. Mwenye gesti akanigeukia, "Sasa kama papai nalo lina korona, mdogo wako anakaa humu kwa ajili ya nini?" Nikamwambia basi mfungulie. Akacheka sana. "Mama, mimi nimeagizwa siku 14. Na unadaiwa usiku wa leo."

Siku ya 14 hakuna aliyekuja kumtoa. Nikapiga simu, namba haikupokelewa. Siku ya 15 tukatoka wenyewe kwa mguu, begi kichwani, hatuna barua ya kusema amemaliza. Wiki hiyo hiyo ya katikati ya Mei tukasikia karantini ya lazima kwa wasafiri inaondolewa. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba nikacheka peke yangu mpaka mdogo wangu akaogopa.

Niliyoyaokota pale ni madogo lakini yana hela ndani yake. Afisa yeyote akikwambia la kufanya, muulize kwa adabu, "Mzee, naomba uniandikie hapa, ili wenzako wasinisumbue." Wengi wanaandika, hata kwenye kipande cha daftari, ukiomba kwa namna hiyo. Akikataa, andika wewe mbele yake jina, tarehe na saa, kisha msomee. Uliza pia mwisho, usiulize mwanzo tu: nani atakuja kunitoa, na asipokuja? Gesti dai risiti kila siku, usingoje ya jumla. Na kabla hujalala usiku wa kwanza, kubalianeni hesabu inaanza tarehe ngapi.

Barakoa nazo zilikuwa na siasa yake. Kulikuwa na mlango mmoja mjini usipovaa huingii, na mlango wa pili hatua mia mbili mbele ukivaa unachekwa, unaulizwa unamwogopa nani. Nikawa nayo kwenye pindo la kitenge, navaa na kuvua kwa kufuata milango. Mama mdogo wangu wa Ujiji alikuwa na dawa yake: nyungu. Mikaratusi, mchaichai, tangawizi, anajifunika blanketi na sufuria inayochemka, anatoka anang'aa. Sikuona ubaya. Mwaka 2020 ulituacha salama, mwezi wa sita ikasemwa korona imeisha kwa maombi, ndoo za koki zikaanza kutumika kuhifadhia unga.

Februari 2021 mama mdogo alianza kukohoa.

Wakati huo neno lenyewe lilikuwa halitamkwi. Ilisemwa nimonia, ilisemwa changamoto ya upumuaji. Redioni vifo vya wakubwa vilifuatana. Tarehe 17 Februari Zanzibar walimpoteza Maalim Seif Sharif Hamad, na siku hiyo hiyo Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi, naye akafariki. Tarehe 21 tukasikia Rais akihimiza barakoa, zile za kushonwa nchini. Mama mdogo alikuwa na siku nne tayari, nyungu asubuhi, nyungu jioni. Kila nikisema twende hospitali alinijibu, "Si mlisema imeisha?" Alisema "mlisema", akimaanisha sisi wote, redio na mimi. Sikuwa na jibu, kwa sababu kweli nilisema. Nilikuwa nimechoka na habari ile, nikaona bora niseme imeisha.

Tulimpeleka siku ya sita, kwa bajaji, anahema kama aliyekimbia mlima. Mtungi wa oksijeni ulikuwa mmoja kwenye chumba kile na alikuwepo mwingine ameutangulia. Alifariki alfajiri. Cheti kiliandikwa nimonia. Msibani palikuwa na wanaotaka kuosha kama kawaida na wanaosema tukae mbali, tukagombana mbele ya maiti, ndugu wa damu, na hatukuwa na pa kuuliza ambapo tungepewa jibu moja. Sheikh mmoja mzee ndiye aliyemaliza: waoshaji wanne, glavu, wengine nje. Namshukuru mpaka leo kwa sababu alitaja idadi. Wanne. Mtu aliyechanganyikiwa ukimpa idadi anatulia.

Mtu anapobanwa na pumzi msikae kubishana ni ugonjwa gani. Jina atatafutiwa akiwa hospitali. Sisi tulipoteza siku sita tukitafuta jina, na siku nne kati ya hizo nilikuwa na nauli ya bajaji mfukoni.

Tarehe 17 Machi 2021 usiku tuliposikia kwenye televisheni Makamu wa Rais, Samia Suluhu Hassan, akitangaza kifo cha Rais Magufuli, mtaa wetu ulinyamaza kabisa, hata wale waliokuwa wanabishana naye. Nililia na mimi, ingawa nilikuwa na maswali yangu. Tarehe 28 Julai Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera kuzindua chanjo, ile ya dozi moja ya Janssen. Na mwezi wa nane lile gari likarudi Mwanga, spika mbili, kamba ya manila, sauti ile ile ya siku zote: jitokezeni mkachanje. Jirani yangu akalipungia mkono kama mtu anayemuaga mgeni. Wengi hawakwenda, na waliotoka kuwahimiza walishangaa kwa nini. Mimi nilikwenda, lakini nilikwenda kwanza kumuuliza muuguzi mmoja ninayemfahamu kama yeye mwenyewe amechanja. Akanionyesha kadi yake. Kile kikadi kilinisukuma kuliko gari zima.

Nimebaki na deni la kueleza, lile la ukurasa uliokunjwa pembe.

Zile 430,000 ziliporudi niliitisha kikao. Nikasema ukweli wote: kwamba sikuwa na uhakika, kwamba niliambiwa "nimesikia" nikawaambia "wametangaza". Ukumbi ulikuwa kivuli cha mwembe tu lakini nilitamani ungekuwa na mlango wa nyuma. Nikajitoa kwenye mgao, wale sita wakapata 71,000 na chenji kila mmoja. Zilizobaki, 78,000 na chenji kwa kila mtu, nikasema nitalipa. Watatu walisema niache, ni ajali. Nikawalipa hivyo hivyo, maana hasara yao ilitoka mdomoni kwangu. Jumlisha 150,000 zangu, 470,000 za wenzangu na 280,000 za gesti na chakula, inafika laki tisa. Chumvi iliyoyeyuka kibandani kabla ya hapo sikuihesabu, iliniumiza roho kuitazama.

Tukaweka pia kanuni kwenye katiba ya kikundi, kipengele cha kumi na moja. Habari ya serikali inayohusu fedha zetu haisomwi kikaoni mpaka ijibiwe mambo manne: nani katangaza, tarehe gani, inaanza lini, na inamhusu nani. Habari ya ng'ambo inathibitishwa na mtu aliye ng'ambo, kwa simu, spika ikiwa wazi wote wasikie. Yule mama wa 2024 aliyekuja na habari ya Ijumaa tulimpeleka kwenye kipengele hicho. Tulimpigia mteja wa Kalemie, akasema yeye hajasikia kitu, maboti yanaendelea. Ijumaa ikapita na mpaka ukabaki wazi. Hatukununua kwa pupa, hatukupoteza.

Wa mwisho kumlipa alikuwa yule muuza sabuni, Desemba 2021. Nilimfuata sokoni na elfu kumi na tisa zilizobaki, nimezikunja vizuri. Akazipokea, akazihesabu mara mbili, akaziweka chini ya mizani. Nikageuka niondoke, akaniita.

"Katibu, umeniambia umemaliza deni. Hiyo nimesikia, au umetangaza?"

Akatoa kalamu kwenye kilemba, akanisogezea daftari lake, nikaandika tarehe na kutia saini.